Mgeni Haloweshwi

Kwetu mgeni haloweshwi. Sijui nani aliianzisha sheria hiyo, na haijaandikwa popote, lakini sikumbuki aliyewahi kuivunja. Mtu wa ofisini akitaka kuja kitongojini kwetu humpigia simu mjomba wangu, ambaye ndiye mwenyekiti. Mjomba huenda nyuma ya mlango wa chumba chake, ilikobandikwa kalenda ya msikitini, akahesabu mwezi kwa vidole, halafu akamtajia mgeni siku na saa ya kuja. Mgeni akifika huvuka hori akiwa na viatu mguuni, hula pweza wa nazi, huandika jina lake kwenye daftari la wageni, akaondoka kabla maji hayajarudi. Kila mtu hujiona ameheshimiwa.

Nilichelewa kugundua kwamba heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikitunyima shule.

Hori ni mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko na kututenga na kijiji kikubwa. Sisi tuko huku, shule ya msingi iko kule. Maji yakipwa unapita juu ya mchanga, na ukifika ng'ambo hujatoa hata jasho. Lakini siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ndio kwanza umeandama, maji hujaa sana alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu, watoto wanapotakiwa kuvuka ili wawahi namba ya asubuhi shuleni, bado yanafika kifuani mwa mtu mzima. Mitumbwi imeshatoka na wenyewe. Ikifika saa nne, siku hiyohiyo, pale pale, hori ni kavu na kaa wanatembea. Saa nane mchana yanaanza kurudi.

Mtu aliyezaliwa hapa haoni ajabu. Nilivuka hori hilo miaka saba, nguo ya shule ikiwa kwenye mfuko wa nailoni kichwani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini iwe hivyo. Maswali yalinianza baadaye, nilipokuwa chuo kikuu Dar es Salaam nikisoma takwimu, nikiishi na wenzangu ambao shule zao zilikuwa kona ya pili kutoka nyumbani na bado walilalamika.

Nilipomaliza nilirudi nyumbani kwa muda, kusubiri ajira. Muda huo haujaisha. Nikaanza kufundisha kwa kujitolea kwenye shule shikizi yetu, yaani banda la makuti ambamo watoto wa awali wanajifunza kuhesabu kabla hawajafikia umri wa kuvushwa hori kwenda darasa la kwanza. Pembeni ya banda hilo kuna boma.

Boma lenyewe ni vyumba viwili vya madarasa, kuta mpaka kwenye lenta, bila paa. Tulilijenga sisi. Nasema sisi ingawa nilikuwa chuoni, maana mama yangu alibeba mchanga mpaka goti likamvimba. Kila nyumba ilitoa nazi zikauzwa kununua saruji. Tofali zilifyatuliwa na kikundi cha vijana watano waliokuwa wamepata mashine kwa mkopo wa vijana wa halmashauri. Mimi huona hapo pana jambo la kuchekesha: halmashauri iliwakopesha vijana mashine, vijana wakawatolea jasho wazazi wao, wazazi wakaisimamishia halmashauri kuta za shule, na bado halmashauri ndiyo ikawa ya kuombwa. Mapatano yalikuwa mepesi na kila mtu aliyasikia kwenye mkutano: wananchi wasimamishe kuta, halmashauri ipaue. Kuta zilisimama. Miaka mitatu ikapita. Mpapai ukaota ndani ya chumba cha darasa la pili, ukazaa, tukala.

Ofisini majengo kama hayo huitwa miradi viporo, kama wali wa jana. Sisi vijana tulikuwa tukiliita boma letu Kua. Wageni hupanda boti kwenda kisiwa cha jirani cha Juani kuyaona magofu ya mji wa kale wa Kua, wakalipa, wakapiga picha za kuta zisizo na paa. Mmoja wa wale vijana wa tofali alikuwa akisema, "Tuweke kibanda cha tiketi hapa. Haya yetu ni mapya lakini yamechakaa kwa bidii."

Tulicheka. Lakini dada yangu hakucheka, kwa sababu ana mtoto wa kike mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa anamaliza awali mwaka ule. Januari inayofuata alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Ni mtoto mdogo wa umbo. Ukimsimamisha kando yangu, utosi wake unafika kiunoni.

"Mimi mwanangu havuki," dada aliniambia siku moja tukifunga mwani kwenye kamba. "Waseme mwanangu mtoro, waniite baraza la kata, wanifunge. Havuki."

"Watakufunga kweli."

"Nitakuwa pakavu."

Kwa hiyo nilipokuwa nikisikia habari ya bajeti ya halmashauri, sikuwa nikisikia bajeti. Nilikuwa nikimwona mtoto huyo, na nikiona mambo mawili tu: au chumba kimoja cha boma kipauliwe kabla ya Januari, au akae nyumbani akue mjinga huku mama yake akiitwa mzazi asiyejali.

Neno la kutojali lina jina lake rasmi. Wanaliita kukosa mwamko. Tangu nikiwa mtoto nimesikia kila mgeni mwenye kalamu mfukoni akisema watu wa pwani hawana mwamko wa elimu. Walisema mbele yetu, na wazee waliitikia kwa vichwa, kama mtu anayeambiwa ana kisukari. Hata chuoni mhadhiri alilisema, nikanyoosha mkono nikamwuliza mwamko unapimwa kwa kipimo gani. Alisema tutalirudia. Hatukulirudia.

Basi kwenye mkutano wa kijiji, siku tuliyosomewa majibu ya maombi yetu, nilikaa karibu na mlango ili nikiondoka kwa hasira nisikanyage watu. Majibu yalikuwa mafupi. Ombi la kupaua boma limeahirishwa tena. Sababu ya kwanza: shule iliyopo iko karibu, na njia inapitika mwaka mzima. Sababu ya pili: mahudhurio ya watoto wa kitongoji chetu ni duni, kwa hiyo kwanza wazazi wahamasishwe, madarasa yafuate.

Nikasimama. "Naomba kuuliza. Nani alisema njia inapitika mwaka mzima?"

Mtendaji wa kijiji, aliyekuwa anasoma, aliangalia karatasi, akaangalia watu. "Wataalamu walifika. Tena zaidi ya mara moja. Wamo kwenye daftari lenu wenyewe."

Watu wakaguna kukubali. Kweli walifika. Pweza walikula.

Kesho yake nilikwenda kwa mjomba nikaazima daftari la wageni. Halafu nikavuka kwenda shuleni nikamwomba mwalimu mkuu madaftari ya mahudhurio ya miaka mitatu. Alinipa yote. Nadhani alifikiri nafanya utafiti wa shahada nyingine. Nikakaa bandani na kalamu mbili, nyekundu na ya bluu, nikawachambua watoto wa kitongoji chetu peke yao.

Utoro wao ulikuwa na umbo, na wala sikuhitaji shahada kuliona. Wiki nzima wamo wote. Halafu siku tatu, nne, mstari wa misalaba, wadogo zaidi kuliko wakubwa. Halafu wamo tena wote. Baada ya majuma mawili, misalaba. Nikatafuta kalenda ya Kiislamu ya miaka hiyo kwenye simu, nikaweka tarehe za mwezi pembeni. Misalaba ilikuwa inafuata mwezi. Mwezi kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba: misalaba. Mwezi mosi, mbili, tatu: misalaba. Watoto waliokuwa wakiitwa watoro walikuwa na nidhamu kuliko saa ya ukutani.

Ndipo nikafungua daftari la wageni nikaona tarehe. Nilirudia mara mbili, maana nilifikiri nimechanganya kurasa. Kila mgeni wa ofisini, kila mmoja, alikuja siku ya bamvua. Siku zilezile za misalaba. Mjomba aliwachagulia siku hizo kwa sababu ndizo siku ambazo saa nne hori hukauka kabisa, hata mtu wa viatu vya ngozi hapati unyevu. Wakapitia shuleni kuhesabu watoto wetu, wakawakuta hawapo, wakavuka kuja kwetu kula, na kwenye safu ya maoni wakaandika kwa mwandiko mzuri. Njia nzuri. Utoro ni mkubwa. Mwingine: Wakarimu sana, waongeze mwamko.

Nilicheka peke yangu mpaka watoto wa awali wakaacha kuhesabu wakaniangalia. Kisha sikucheka tena. Tulikuwa tumetengeneza ushahidi dhidi yetu wenyewe, kwa mikono miwili, kwa adabu.

Wakati huo mjomba alikuwa amekwisha kupigiwa simu na afisa mipango mpya, kijana wa bara ambaye hakuwa amemaliza mwaka kisiwani kwetu. Alikuwa akizunguka kuhakiki viporo kabla ya vikao vya bajeti. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Bajeti ikifungwa bila sisi, Januari ingetukuta na mpapai. Nikaenda kwa mjomba baada ya alasiri, madaftari kwapani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Madaftari yote hayo, kuna mtihani?"

"Yule afisa umemwambia aje lini?"

"Mwezi kumi na tano, saa nne. Mchanga utakuwa mweupe kama mkeka wa harusi."

"Mwambie aje saa kumi na mbili na nusu."

Mjomba alinitazama kama niliyekosea njia. "Saa hizo maji yako wapi?"

"Yako pale pale wanapoyakuta watoto."

"Kwa hiyo mgeni avue suruali?"

"Akipenda."

"Astaghfirullah!" Akamgeukia mkewe, aliyekuwa anakuna nazi barazani. "Unamsikia msomi wetu? Miaka mitatu chuo kikuu, amekwenda kujifunza kulowesha wageni."

"Na nauli tulimtolea kwa mwani," mkewe akadakia bila kuinua kichwa.

Nikamfungulia madaftari. Nikamwonesha misalaba, nikamwonesha tarehe, nikamwonesha maandishi ya wageni wake. Mjomba anajua kusoma vizuri, na mwezi anaujua kuliko mimi. Alipitisha kidole taratibu, mstari kwa mstari, na niliona kidole kikipunguza mwendo. Alielewa. Lakini kuelewa na kukubali ni nyumba mbili.

"Mgeni akiloweshwa," alisema mwishowe, "atarudi ofisini Kilindoni aseme watu wale hawana adabu. Neno hilo likishatoka hulirudishi."

"Sasa hivi wanasema hatuna mwamko. Lipi baya?"

"Mwamko hata siujui ni kitu gani. Adabu naijua."

"Na mtoto wa dada?"

"Mungu atamvusha."

"Mungu hakuahidi kupaua, mjomba. Iliyoahidi ni halmashauri."

Nilijua nimevuka mpaka. Mkewe aliacha kukuna. Mjomba akayafunga madaftari moja moja, akayapanga, akanirudishia kwa mikono miwili, kama anavyomrudishia mgeni. "Saa nne," akasema.

Siwezi kusema nilimtii. Nilimheshimu, lakini kuheshimu na kutii navyo ni nyumba mbili. Namba ya afisa ilikuwa imeandikwa kwa penseli kwenye jalada la daftari la wageni. Nikaenda mpaka chini ya mnazi ambapo mtandao unashika, nikampigia.

"Mwenyekiti ameniambia saa nne," alisema baada ya salamu.

"Saa nne ni saa ya wageni. Saa ya watoto ni kumi na mbili na nusu. Wewe unakuja kuhakiki shule ya nani?"

"Kuna tofauti?"

"Njoo uone, kaka. Na mwenyekiti hajui kama nimekupigia. Hilo nalo nakwambia kabisa."

Sikulala raha siku zilizofuata. Nilimkwepa mjomba kisimani na kwenye khitma. Nilimwambia dada peke yake, naye akasema tu, "Akija, mimi nitakuwepo na mwanangu."

Asubuhi yenyewe hori lilikuwa limetulia, limejaa hadi kwenye matawi ya chini ya mikoko, zuri kabisa, na uzuri huo ulinikera. Watoto wakubwa walikuwa wameanza kujifunga mifuko yao. Saa kumi na mbili na robo pikipiki ikasikika ng'ambo. Afisa akashuka, mrefu, shati jeupe, faili kwapani, viatu vyeusi vinang'aa. Akasogea mpaka mwisho wa mchanga. Akatazama maji kulia, akatazama kushoto. Tulikuwa tumekusanyika upande wetu, watoto, akina mama, wale vijana wa tofali.

Afisa akaweka mikono mdomoni. "Jamani! Daraja liko wapi?"

Kijana wa kibanda cha tiketi ndiye aliyemjibu. "Liko ofisini kwenu, mheshimiwa! Kwani hukuja nalo?"

Watu wakaangua kicheko, na ng'ambo tukamwona mwenye pikipiki naye anainamia usukani. Katikati ya kicheko hicho ndipo mjomba akatokea, mbio mbio, kikoi kimefungwa vibaya, kofia bado mkononi.

"Nani kamwita huyu saa hizi?"

"Mimi, mjomba."

Aliniangalia. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu kama manne. Akasema kwa sauti ya chini, "Umenivua nguo mbele ya watu." Akaangaza macho kutafuta mtumbwi. Haukuwepo hata mmoja. Basi akanipa kofia niishike, akapandisha kikoi, akaingia majini.

Mjomba ana miaka zaidi ya sitini. Alikwenda akipapasa chini kwa miguu, maji yakampita kiuno, yakafika kifuani, akainua mikono juu, akaendelea. Alipotokea ng'ambo alikuwa anachuruzika. Akampa afisa mkono, akasimama naye muda, bila shaka akimwomba radhi. Kisha tukamwona anachukua viatu vya mgeni na faili, anaviweka kichwani pake, anashika kwa mkono mmoja. Afisa akakunja suruali mpaka magotini, kana kwamba ingesaidia. Wakaingia wote wawili.

Walipofika katikati mjomba akasimama. Nilifikiri amechoka, na kusema kweli niliogopa.

"Mlete mtoto!" akaita.

Dada akamshika mwanawe mkono, akamsogeza mpaka maji yalipomgusa vidole. Mtoto alikuwa na sare yake ya awali na mfuko wa nailoni mtupu ambao alitaka tu kuwa nao kama wakubwa.

"Mheshimiwa, simama hapo hapo," mjomba akasema. Sauti juu ya maji husikika vizuri, wote tulisikia. "Maji yamekufika wapi?"

"Tumboni."

"Mimi yamenifika kifuani. Sasa yule pale. Januari tunatakiwa tumpitishe hapa ulipokanyaga. Nioneshe kwa mkono yatamfika wapi."

Afisa alimtazama mtoto. Akainua mkono kutoka majini kama anayetaka kupima, akaushusha.

"Ndiyo njia inayopitika mwaka mzima," mjomba akasema. "Tumewavusha pakavu wenzako wote, kwa kuwa tuliona aibu kuwaonesha. Kosa letu. Lakini sasa umeshaona." Akaendelea kutembea, viatu vya serikali vikiwa kichwani, na hakuangalia nyuma kama mgeni anamfuata.

Mke wa mjomba alimpa afisa kikoi kikavu na chai ya mchaichai. Suruali yake tulikosa pa kuianika penye upepo, vijana wakapanda wakaitundika juu ya lenta ya boma. Kwa miaka mitatu hicho ndicho kilikuwa kitu cha kwanza cha halmashauri kupanda juu ya kuta zile. Afisa mwenyewe aliliona hilo, akacheka, na kucheka kwake kulinifanya nimchukie kidogo kuliko nilivyokusudia. Alipima vyumba kwa hatua, akasoma madaftari yangu yote, akauliza maswali ya maana. Saa nne nikampeleka horini. Mchanga mweupe. Kaa.

Alisimama pale akiwa na suruali yenye chumvi. "Mmenitega," akasema.

"Hapana, kaka. Leo ndiyo mara ya kwanza hatukumtega mtu."

Kabla hajaondoka aliomba daftari la wageni. Aliandika kwa muda, safu ya maoni ikajaa, akaendelea pembeni. Alipokwenda zake, mjomba akaniambia nisome. Ilikuwa imeandikwa kwamba saa kumi na mbili na nusu maji yalikuwa tumboni, saa nne palikuwa pakavu, na kwamba amevuka mwenyewe. Mjomba akasema nisome tena. Nikasoma tena. Akachukua kofia yake kutoka mkononi mwangu, akaivaa. Hakunisamehe kwa maneno na mimi sikuomba msamaha, kwa kuwa ningekuwa nadanganya.

Sikumwamini afisa. Mtu kuona na mtu kufanya, hizo nazo ni nyumba mbili, na bajeti nimeshaziona zikipitishwa zikabaki karatasi. Ofisi zile zile zinazokosa bati za darasa hupata jezi na mipira ya mashindano ya vijana, na picha za kukabidhi hazikosekani. Mipira naipenda. Lakini mvua ikinyesha mpira hauezeki darasa. Basi kila bamvua, asubuhi, nilisimama mahali pale pale nikapiga picha ya hori saa ikionekana, nikamtumia kwenye simu. Sikuandika neno. Mwezi mosi, mwezi kumi na tano, mwezi mosi. Mara moja tu alijibu: Nimeona. Nikaendelea kutuma.

Bati zilikuja Novemba, na mbao za kenchi. Za chumba kimoja.

Walioleta walitaka tupige picha tukishukuru. Mwenye kamera akanisogeza mbele kwa kuwa nilikuwa na daftari mkononi na ninaonekana msomi. "Mwalimu, sema neno la shukrani."

"Ahadi ilikuwa vyumba viwili," nikasema. "Andika hilo."

Watu wa kwetu waliona haya. Mmoja alinong'ona kwamba mpewa chumba kimoja huchukua akanyamaza. Mimi naona mtu hushukuru zawadi. Tofali zetu, mchanga wetu, goti la mama yangu, ushuru tunaotozwa kwenye mwani na kwenye samaki. Zawadi iko wapi hapo? Mjomba, akiwa mwenyekiti, ndiye aliyetoa hotuba. Alisimama na kanzu yake iliyopigwa pasi, akasafisha koo, akasema, "Tunashukuru. Shukrani ya chumba kimoja. Ile ya pili tunayo, tumeihifadhi." Akakaa. Hiyo ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Januari mtoto wa dada aliingia darasa la kwanza kwenye chumba chenye bati. Ninamfundisha mimi. Siku ya kwanza mvua ilinyesha, bati zikapiga kelele mpaka hakuna aliyesikia somo, tukaimba tu. Chumba cha pili bado ni cha mpapai, na wa darasa la pili kwenda juu bado wanavuka na mifuko kichwani. Nawawekea daftari hao wanaovuka, na siku ya bamvua siandiki mtoro. Naandika maji, na mwalimu mkuu wa ng'ambo ameanza kuandika hivyo pia, ingawa anaogopa kuulizwa. Nimemwambia akiulizwa aseme ni mimi.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mjomba simu yake ilipolia. Walikuwa watu wa ukaguzi, wanaotakiwa kuja kuangalia kama shule inafaa kusajiliwa na kama chumba cha pili kinastahili kuingizwa bajeti ijayo. Mjomba akasema subirini, akaenda nyuma ya mlango kwenye kalenda. Nilimsikia akihesabu. Akarudi na simu sikioni.

"Njooni mwezi kumi na tano," akasema. "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

Akasikiliza. Mkewe aliinua kichwa kutoka kwenye mbuzi ya nazi.

"Hapana, si mapema," mjomba akasema. "Hiyo ndiyo saa ya shule. Viatu viacheni ng'ambo, na kila mtu aje na kikoi chake. Sisi vya kuazimisha hatuna."